Bodi Ipi Hiyo?

Muhula uliopita shule moja ya sekondari ya huku Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, iliniletea karatasi ya ukurasa mmoja niitafsiri kwa Kiswahili. Ilikuwa taarifa kwa wazazi, imeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, na mkutano ulikuwa keshokutwa. Wazazi wa shule za mpakani hawana lugha moja: kuna Wasamia, Wateso, Waganda, Wajaluo waliohamia kutoka ng'ambo ya geti, na Wakongo wachache wa biashara ya vitenge. Kiswahili ndicho kinachowakusanya. Nikaipokea karatasi nikijua ni kazi ya nusu saa, nitamaliza chai ikiwa bado moto.

Chai ilipoa. Neno "board" lilikuwa limejazana humo kama abiria wa kamunye, zile teksi zetu za basi dogo. Ada ya "boarding" imepanda. "Board" ya shule imekaa na kuidhinisha. Matokeo ya UNEB, chombo cha mitihani ya taifa, yametoka, na herufi ya mwisho ya UNEB inasimamia "board" hiyo hiyo. Orodha ya vitu vya kuleta imebandikwa kwenye "notice board". Na wanafunzi wa kidato cha 3 wanaokwenda ziara Entebbe wanatakiwa ku-"board" basi saa 11 alfajiri.

Rasimu ya kwanza nilimsomea jirani yangu, ambaye ana mtoto pale na kazi yake ni kunyoosha bodi za magari. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwenye ovaroli, akasema, "Mwalimu, hiyo bodi iliyokaa ikapandisha ada ni bodi ipi? Mimi bodi ninazozijua hazikai, zinagongwa nyundo."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Alikuwa ameshika palepale penye fundo.

Tuanze na mti uliopasuliwa. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormandi hawajavuka bahari kuiteka Uingereza mwaka 1066, "bord" ilikuwa ubao tu, kipande cha mti kilicho bapa. Washairi wao waliiita hivyo hivyo hata ngao, kwa kuwa ngao ilitengenezwa kwa mbao. Sasa ingia ukumbini kwa bwana mkubwa wa enzi zile, saa ya kula. Meza tunayoijua, yenye miguu iliyogongomewa na kukaa mahali pamoja mwaka mzima, haikuwa kitu cha kila nyumba. Watumishi waliingia na mbao ndefu, wakazilaza juu ya vigogo vya miguu, watu wakala, kisha mbao zikaegemezwa ukutani na ukumbi ukatumika kwa mengine, hata kulala. Ubao ndio uliokuwa meza. Kufikia mwaka 1200 hivi, neno la ubao lilikuwa limeshakuwa neno la meza.

Kutoka mezani hadi kwenye sahani si mbali. Hata sisi mtu akisema sufuria moja haikutosha wageni, hakuna anayedhani wageni walitafuna chuma. Ndivyo "board" ilivyokuja kuwa chakula chenyewe, hasa kile unachokula kwa mwingine kwa malipo, na anayekula hivyo akaitwa "boarder". Shule ya "boarding", basi, kwa asili ya neno ni shule inayokulisha. Kitanda kimefuata baadaye, kama mgeni aliyekuja kula na giza likamkuta.

Hilo linawashangaza wengi waliopitia shule hizo hapa Uganda, maana kumbukumbu zao ni za kitanda cha ghorofa na sanduku la bati, na chakula wangependa kukisahau. Shule kongwe za mtindo huo zililetwa na wamisionari: Namilyango mwaka 1902, Gayaza 1905, Budo 1906. Wanafunzi wanaziita bodingi. Kiswahili kilipotafuta neno lake kilitazama upande wa kitanda: bweni, ambalo zamani lilikuwa pahala pa kulala vijana ambao hawajaoa. Kwa hiyo Mwingereza aliita shule ile kwa jina la sahani na Mswahili akaiita kwa jina la godoro, na ukiandika "ada ya bweni" umeshabadilisha habari bila kujua. Mahindi yakipanda bei sokoni, ada inapanda, na vitanda ni vilevile vya mwaka jana. Mzazi aliyesoma "bweni" atauliza kwa haki kabisa: mmenunua magodoro mapya? Karatasi yenyewe ilieleza kwamba kilichopandisha ada ni gharama ya posho. Nikaandika "ada ya chakula na malazi", ndefu lakini ya kweli.

Posho nayo ina yake. Huku kwetu posho ni ugali, ule wa mahindi meupe unaokatwa vipande kwa sahani na kumwagiwa maharage, na mtoto wa Kampala anaweza kulitaja neno hilo maisha yake yote bila kujua kwamba ni la Kiswahili. Vuka uende Tanzania uombe posho, watakuuliza umehudhuria kikao gani. Mzizi ni mmoja, chakula cha siku anachogawiwa mfanyakazi au askari. Upande mmoja wa mpaka neno limebaki na chakula, upande mwingine limefuata pesa za kukinunulia. Katika karatasi niliacha "posho" kama ilivyo. Kwa wakati ule sikuona hatari yoyote.

Turudi mezani. Wale waliokaa kuuzunguka ubao, chakula kikishaondolewa, walibaki wakizungumza mambo, na kufikia karne ya 16 Waingereza walikuwa wakiliita kundi la washauri kwa jina la meza yao. Hapo ndipo ilipozaliwa bodi inayokaa. Usidhani ni ajabu ya Kiingereza peke yake. Sisi anayeongoza kikao tunamwita mwenyekiti, mtu mwenye kiti, kana kwamba wengine wamesimama. Na benki na benchi, ukizifuata nyuma, zinakutana kwenye neno moja la Kijerumani cha kale lenye maana ya benchi, kwa sababu wabadilisha fedha wa Italia walifanyia kazi juu ya kitu cha namna hiyo. Fenicha inapenda kuwapa watu majina.

Uganda tumekuwa na bodi za kila aina. Kulikuwa na bodi ya pamba na bodi ya kahawa, ambazo mkulima hakuwa na pa kuzikwepea hadi soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kulikuwa na bodi ya umeme, UEB, iliyoundwa mwaka 1948, iliyosimamia bwawa la Owen Falls pale Jinja na kuvunjwa vipande vitatu mwaka 2001. Baba yangu mdogo hadi leo umeme ukikatika anailaani UEB, na hatumsahihishi. Katiba ya 1995 imeipa kila wilaya bodi yake ya ardhi. Na UNEB, ambayo kila nyumba yenye mtoto wa mtihani inaitaja kwa hofu, ilianzishwa mwaka 1983. Katika zote hizo, kitu kinachoitwa bodi ni watu. Ubao umeshasahaulika kabisa, ingawa ukiingia chumbani kwao cha mikutano utaukuta palepale katikati, siku hizi umepakwa vanishi na kupangiwa chupa za maji.

Hadi hapo safari ni nyoofu. Inapopinda ni kwenye basi la Entebbe.

Kiingereza cha kale kilikuwa na "bord" ya pili, yenye maana ya ukingo, hasa ubavu wa chombo cha majini. Wataalamu wanabishana kama hizi mbili ni ndugu wa damu au zimefanana tu. Vyovyote iwavyo, zilichanganyikana mapema kiasi kwamba kuzitenganisha leo ni kama kutenganisha chai na maziwa. Hiyo ya pili ndiyo iliyomo katika kupanda chombo: ku-"board" kulikuwa kuufikia ubavu wa jahazi, mara nyingi la adui, na kulirukia ukiwa na upanga mkononi. Kutoka jahazini neno likahamia treni, basi, ndege. Yule dada wa uwanja wa Entebbe anayekata karatasi yako mlangoni anakuruhusu, kwa lugha ya mababu wa Waingereza, uurukie ubavu wa meli.

Mabaharia wao upande wa kulia wa meli wanauita "starboard", ubavu wa usukani. Zamani kasia la kuongozea lilifungwa upande huo, kwa kuwa wengi hutumia mkono wa kulia. Ili kasia lisibanwe, chombo kilifungwa bandarini kwa ubavu wa kushoto, na ndiyo sababu kushoto kuliishia kuitwa "port", bandari. Jina la zamani la kushoto, "larboard", lilisikika karibu sawa na "starboard", na kwenye upepo na makelele hilo ni balaa. Jeshi la majini la Uingereza likalipiga marufuku mwaka 1844. Nimeongeza hili bure. Halikuwamo kwenye karatasi.

Kilichonigusa mimi, mtu wa Busia, ni kwamba "bord" hii ya ukingo haikubaki nyumbani. Makabila ya Kijerumani yaliyoingia Ufaransa yalikwenda nayo. Wafaransa wakaitwaa, wakaishonea nguo zao, wakapata "bordure", pindo. Kisha Wanormandi wakavuka nayo kwenda Uingereza, na humo ndimo lilimokuja kutokea neno "border", mpaka, likaishi mtaa mmoja na "board", jamaa lake lililobaki nyumbani, bila kusalimiana. Anayeijua biashara ya magendo hatashangaa. Sukari inatoka usiku kwa njia ya panya, inarudi mchana kwa lori ikiwa na gunia jipya, na muuzaji yuleyule anainunua akidhani ni ya kigeni.

Kidogo kando ya njia hiyo, Wafaransa walikuwa na neno la kibanda cha mbao kutoka mzizi huohuo, na vibanda vingine vilipata sifa ambayo wasomaji watu wazima watanielewa nikisema kwamba neno lao la danguro limetoka hapo. Tuendelee.

"Border" ikafika kwetu pamoja na mpaka wenyewe. Hapa Busia, kati ya geti la Uganda na geti la Kenya, zamani kulikuwa na mwendo unaokaribia kilomita moja ambao mtu aliyeshuka gari upande mmoja alipaswa kuumaliza kwa miguu, mizigo kichwani, kwa sababu gari la kuvuka lilihitaji makaratasi yasiyo na mwisho. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki. Wakafunga mto mdogo kwenye kibebeo cha nyuma, wakasimama getini wakiita wateja: boda, boda! Kutoka mpaka hadi mpaka. Mtindo ukaenda Malaba, ukaenda miji mingine, na miaka ya 1990 ukapanda pikipiki ukaingia Kampala. Leo mtu wa Mbarara au wa Gulu, ambaye hajawahi kuuona mpaka wowote, anapanda boda kwenda kunyoa nywele. Sisi wa Busia peke yetu tunaweza kusema tumepanda boda kwenda boda, na tukaeleweka. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe mwaka 2018, abiria anamalizana na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, na ule mwendo uliozaa neno umebaki kuwa hadithi. Neno lenyewe linaendelea kupiga honi.

Nilipomweleza haya yule jirani yangu, tukiwa gereji kwake, aliuliza kama na bodi zake ni za ukoo huo. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kamunye iliyogongwa, mlango umebonyea kama kopo, akiupiga polepole kwa nyundo ya mpira huku mkono mwingine ukishikilia kipande cha chuma kwa ndani. Jibu ni hapana. Bodi ya gari ni "body", mwili, neno jingine kabisa ambalo zamani lilimaanisha kiwiliwili. Lina irabu zake na herufi zake, na Mwingereza hawezi kuyachanganya. Ni masikio yetu yaliyoyapa jina moja. Hatukukosea sana, maana malori ya zamani bodi zake ziliundwa na maseremala, kwa mbao na misumari, na ungesema bodi ungekuwa na haki mara mbili.

Lakini "board" halisi ilikuwamo ndani ya gari lile lile, na ilikuwa karibu yake. Ile dashibodi. Kabla ya magari ya moto, mkokoteni wa farasi uliwekwa ubao mbele ya dereva kumkinga na matope yaliyorushwa na kwato. Farasi waliondoka, ubao ukabaki, wakaupachika saa na vishale, ukaacha kuwa ubao ukawa plastiki. Akaigonga kwa kidole, akasikiliza. "Kwa hiyo hii ni ya matope," akasema, akarudi kwenye mlango wake. Nilimwambia pia kwamba kabati la nyumbani kwake ni "cupboard", yaani ubao wa vikombe, meza tu isiyo na milango wakati neno lilipozaliwa, na kwamba Waganda wanaoliita kabada wamelichukua mlemle. Hilo halikumvutia.

Kuna watu, na katika semina za Kiswahili hawakosekani, watakaosema haya yote ni fujo za Kiingereza na lugha yetu ni safi kuliko hivyo. Wajaribu kumweleza mgeni ubao. Ubao ni wa seremala, wenye wingi wa mbao, na ukienda Ndeeba pale Kampala utausikia kwa Kiganda ukiitwa olubaawo. Ubao ni wa mwalimu na chaki. Ukiukuza unapata bao, na bao ni ule mchezo wa mashimo 32 na kete 64 ambao huku tuna ndugu yake, omweso, wenye hesabu hiyo hiyo. Kisha bao likahama mchezo, likawa mpira umeingia wavuni. Waganga nao walikuwa na bao lao la kupigia ramli. Ukiudogosha unapata kibao: cha kuonyesha njia, cha kukalia jikoni unapokuna nazi, cha usoni ukimkosea mtu, na cha redioni kinachopendwa na wote. Na mambo yakibadilika ghafla tunasema kibao kimegeuka. Mti uliopasuliwa ukiwa bapa, inaonekana, hautulii katika lugha yoyote. Walioyabuni majina ya vifaa vya kompyuta waliutumia pia: ile sehemu ya kuchapia wakaiita baobonye, neno zuri ambalo sijasikia likitamkwa mjini. Watu wanasema kibodi, na ukisikiliza vizuri inafanana na bodi ndogo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kila "board" iwe bodi, wala na wanaotaka kila bodi ifutwe. Tunalo baraza. Lilikuwa kwanza benchi la mawe mbele ya nyumba za pwani, mahali wanaume walipokaa jioni, na waliokaa wakalirithi jina, sawasawa na wale wa meza ya mbao. Waganda wana lukiiko, baraza lao, na mjumbe wake ni mukiise, maneno mawili ya mzizi mmoja. Mwaka 2009 serikali ilipotaka mikutano ya wananchi kuwahoji maofisa wa wilaya, iliiita baraza moja kwa moja, ndani ya nyaraka za Kiingereza. Kwa UNEB niliandika baraza la mitihani, kama Watanzania wanavyoliita la kwao, na kama lilivyokuwa kwetu pia wakati nchi zetu zilipotahiniwa pamoja, maana chombo cha Afrika Mashariki kilichotangulia hakikujiita "board" kabisa. Kwa ile ya shule niliacha bodi. Wazazi wanaiita bodi, wajumbe wake wanajiita bodi, na ningeandika baraza wangedhani imeundwa nyingine. Niliongeza neno moja tu kwa ajili ya fundi: wajumbe wa bodi.

Karatasi za namna hii zitaongezeka. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili katika katiba mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Shule zinaomba tafsiri ambazo miaka kumi iliyopita zisingezifikiria. Anayezifanya asitafute Kiswahili cha neno. Aulize kwanza ule ubao, mahali hapo, unafanya kazi gani: unaliwa, unakaliwa, unabandikwa, au unarukiwa.

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe wa shule, kwa kuwa ukumbi haukutosha. Naibu mkuu alisoma karatasi yangu polepole. Chakula na malazi, sawa. Wajumbe wa bodi, sawa. Jirani yangu akanitupia jicho na kuitikia kwa kichwa. Ubao wa matangazo, sawa. Kupanda basi saa 11 alfajiri, wakanung'unika lakini wakaelewa. Akarudia ile sehemu ya ada, kwamba imepanda kwa sababu gharama ya posho imepanda.

Mama mmoja anayeuza dagaa sokoni, mzaliwa wa Mwanza aliyeolewa huku, akanyoosha mkono.

"Shikamoo mwalimu. Hiyo posho iliyopanda, ni ile ya watoto au ile ya bodi?"